Maana Nilizokupa

9 Januari

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na lile goti limeacha kukusumbua. Sisi huku ughaibuni hatujambo. Binti yangu bado yuko kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Anaingia saa kumi na mbili asubuhi, anarudi vidole vimekunjamana kama vya kikongwe. Mjukuu wangu ameota meno mawili ya mbele na anamng'ata kila anayembeba, mimi nikiwa wa kwanza. Baridi ipo. Navaa soksi jozi mbili na bado naisikia.

Nakuandikia kwa sababu simu haikufai siku hizi, unasikia nusu na nusu unaitunga mwenyewe. Nina habari: nimepandishwa darasa! Lile darasa la wazee la maktaba, la Jumanne na Alhamisi. Mwalimu wetu, msichana mwenye miwani anayeweza kuwa mjukuu wangu, kasema Kiingereza changu cha dukani na cha kwenye basi kimetosha, sasa niende la juu. Huko kila mtu ana daftari la maneno mazito, neno kushoto, maana kulia. Tarehe 14 Mei kila mmoja atasimama mbele ya wenzake na familia zao atoe hotuba, ndipo apewe cheti. Usicheke. Nina miaka sabini na nakitaka hicho cheti kama mtoto anavyotaka peremende.

Basi nikamwambia mwalimu: mazito ninayo thelathini tayari, alinifundisha kaka yangu nilipokuwa na miaka kumi na miwili, na sijasahau hata moja. Akaniuliza ni kaka gani huyo. Nikamwambia, huyo kaka mwenyewe amefundisha Kiingereza miaka thelathini na minane, unategemea nini?

Niongezee, Kaka. Kumi kwa kila barua, na maana zake kwa Kiswahili kama zamani. Kamusi ya hapa inaeleza neno gumu kwa maneno magumu zaidi, inanizungusha tu. Ukieleza wewe, naelewa papo hapo.

Mdogo wako,
Chiriku

2 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako ya tarehe tisa ya mwezi uliopita niliipokea kwa furaha, na ninakuomba uniwie radhi kwa kuchelewa kuijibu. Goti langu linaendelea kunikumbusha kwamba lipo, ila si kwa ukali wa mwaka jana. Tangu wifi yako atutoke nimejifunza kupika vitu vitatu, na viwili kati ya hivyo huungua. Jirani yangu, fundi bomba, hunipitia kila Jumapili kuona kama bado ninapumua, kisha hulalamika juu ya chai yangu. Mfikishie mpwa wangu salamu, na umbusu huyo mng'ataji kwa niaba yangu, ukijihadhari.

Ninakupongeza kwa dhati kwa kupandishwa darasa. Nimekuandikia maneno kumi kwenye karatasi iliyoambatana na barua hii. "Reluctant" ni mtu afanyaye jambo huku moyo wake ukimvuta nyuma. "Frugal" ni yule atumiaye kidogo kwa hiari yake, wala si bahili. "Meticulous" ni mwenye kuangalia kila kitu kidogo kwa makini, kama wewe mbele ya cherehani. Mengine utayaona. Nimeyahakiki yote mara mbili katika kamusi.

Kuhusu yale thelathini ya zamani, ningekushauri uyaweke kando. Maneno mengi tuliyofundishwa misheni yamepitwa na wakati, na asiye mwenyeji wa lugha akiyatumia huonekana wa ajabu. Haya mapya yatakutosha kabisa. Uniwie radhi kwa kuthubutu kukupangia.

Kaka yako,
Mwalimu

27 Februari

Kaka,

Shikamoo. Sote wazima, ila binti yangu amebadilishiwa zamu na amekuwa mkali kama siki. Karatasi yako imefika, kumi nimeshayameza. Mwalimu kasifu maana zako, kasema huyu kaka yako anajua kueleza.

Lakini eti maneno yamepitwa na wakati! Kaka, kwangu nguo ikichakaa naigeuza ndani nje, inavaliwa miaka mingine mitano. Yale thelathini siyaachi. Unajua nilivyoyabeba? Nilikuwa nayasema kimoyomoyo nikiwa nakanyaga cherehani. Wateja wangu wote waliojaa mle dukani, hakuna aliyejua kwamba fundi wao anahesabu Kiingereza. Ndiyo shule pekee niliyopata.

Sijawahi kukuambia, lakini siku ile ya usaili wa shule ya misheni bado naiona. Sista Mkuu alivyofunga kitabu chake polepole, akaniangalia kutoka juu hadi chini, macho yakaishia kwenye pindo la gauni langu lililokuwa limefumuka. "Nenda nyumbani, mtoto." Basi. Majibu nilikuwa nayo yote, lakini nani atamchukua msichana asiyeweza hata kushona pindo lake? Wiki iliyofuata nikamwomba mke wa fundi anifundishe sindano. Maisha yangu yote yametoka kwenye lile pindo, ukifikiria.

Sasa sikiliza hotuba yangu, sehemu tamu. Nitamgeukia mwalimu nimwambie kwamba yeye ni "insolent", yaani mwenye heshima kubwa. Kwamba ni "obstinate", yaani msikivu na mpole. Na kwamba masomo yake yamekuwa "tedious", yaani ya kufurahisha kuliko yote. Atalia yule msichana! Niambie tu kama bado yanasemwa hivyohivyo.

Chiriku

6 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi, pamoja na ombi la msamaha ambalo safari hii ni kubwa kuliko kawaida, kwa kuwa barua yako imekaa mezani kwangu wiki tatu. Nilikuwa na shida ya jicho la kushoto. Kisha paa la jikoni likavuja, na fundi bomba akaja kulitazama, ingawa paa si kazi yake, nalo likavuja zaidi. Kisha karani wa posta alikuwa likizo. Haya yote ni kweli, na hakuna hata moja linalotosha kuwa sababu.

Ninakutumia maneno mengine kumi, nayo nimeyahakiki.

Kuhusu hotuba, ningependa kukushauri, kwa upendo, uifanye iwe fupi na nyepesi. Mwambie mwalimu wako asante. Mwambie umefurahi. Maneno madogo hayamwangushi mtu. Nimeianza barua hii mara nne, na kila mara nimefika hapa nikaichana. Ninaomba uniamini katika hili bila kuniuliza sababu, ijapokuwa ninajua ni ombi lisilo la haki.

Kaka yako,
Mwalimu

20 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima, mtoto ana mafua.

Unaogopa nitakuaibisha? Mwalimu mstaafu, dada yake fundi cherehani amesimama mbele ya watu anabwabwaja, ndiyo hiyo? Nimekuuliza kitu kidogo tu. Maneno yale yanasemwa bado, ndiyo au hapana? Usinipe hadithi ya paa. Hotuba ni tarehe 14 Mei. Ukinyamaza, nitachukua kwamba ni ndiyo.

Chiriku

12 Mei

Mdogo wangu,

Leo sikujulii hali, na unisamehe kwa utovu huo wa adabu. Nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, kama nilivyofanya tangu mwaka uanze.

Maana nilizokupa kwa yale maneno thelathini zilikuwa za uongo. Zote. Nilizitunga mwenyewe, nikijua maana za kweli, kwa kuwa daftari la shule lilikuwa mapajani mwangu nikikufundisha. Palipoandikwa "fidhuli" nilikusomea "mwenye heshima". Palipoandikwa "mkaidi" nilikusomea "msikivu". Palipoandikwa "ya kuchosha" nilikusomea "ya kufurahisha". Hayo ndiyo matatu uliyoyaweka katika hotuba yako.

Utauliza kwa nini. Siku ya kwanza ya likizo ile nilikufundisha maneno ya kweli, madogo madogo, ya vyombo na wanyama. Ulikuwa umeyakariri yote kabla kivuli hakijafika kwenye kizingiti. Baba alikuwa amekaa na kiatu cha mteja mkononi, akisikiliza. Unajua mama alivyokuwa hawezi kusimama mwaka ule, na jinsi baba alivyokuwa amesema kwamba mtoto mmoja atasoma na mmoja atabaki naye. Uliponyanyuka kwenda kuchota maji, baba akaniambia bila kuinua uso: "Huyu akipita usaili, wewe utarudi. Miaka miwili imekutosha." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayechagua ngozi iliyo bora kati ya mbili.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitano na sikutaka kurudi. Kesho yake nikafungua upande wa maneno mazito.

Siku ya usaili nilikuwa nimesimama chini ya dirisha. Sista Mkuu alikuuliza wewe ni msichana wa namna gani, na kwa nini unaitaka shule yake. Nikakusikia ukimjibu kwa sauti iliyonyooka kwamba wewe ni fidhuli na mkaidi, na kwamba umesikia shule yake inachosha kuliko shule zote. Tulipokuwa tukirudi ulilia, ukaniuliza: "Kaka, ni pindo, sivyo?" Nami nikasema ni pindo. Huo ulikuwa uongo wa thelathini na moja, na nadhani ndio mbaya kuliko yote.

Mwaka wa mwisho wa maisha ya wifi yako nilimweleza jambo hili. Alikuwa amelala ubavu, ameniangalia. Akasema, "Hayo si ya kuniambia mimi."

Sasa lililo la aibu zaidi. Ninajua kwamba hotuba yako ni keshokutwa na kwamba barua hii haiwezi kufika. Jumamosi niliazima simu ya fundi bomba nikampigia mpwa wangu, nimwambie akuzuie. Niliposikia sauti yake nikamuuliza habari za baridi. Akanijibu kwa urefu. Nikamshukuru, nikakata.

Sikuombi unisamehe. Nimeyaandika tu ili yawe yameandikwa.

Kaka yako

15 Mei

Kaka,

Naandika kabla sijapoa.

Jana nilisimama. Nilikuwa na gauni la bluu nililolishona kwa wiki mbili. Binti yangu aliomba ruhusa kazini, amekaa mstari wa mbele na mtoto mapajani. Nikasema yote, sikukwama popote. Nilipofika pale kwa mwalimu, nikamgeukia, nikamtazama, nikamwambia kwa moyo wangu wote kwamba yeye ni "insolent", ni "obstinate", na masomo yake ni "tedious" kuliko yote niliyowahi kupata.

Mzee mmoja nyuma, fundi saa mstaafu, mpenda utani, akaangua kicheko. Ukumbi wote ukafuata. Wakapiga makofi, wakidhani nimewachekesha makusudi. Mwalimu naye alicheka, halafu akaniangalia usoni, akaacha. Akaja akanishika mkono, akaniuliza taratibu, "Mama, ulitaka kusema nini?"

Watu walipoondoka tulikaa meza ya maktaba, mwalimu, binti yangu na mimi. Binti yangu akalichukua daftari langu, mwalimu akafungua kamusi. Mmoja anasoma ulichonipa wewe, mwingine anasoma kilichoandikwa. La kwanza kinyume. La pili kinyume. La kumi kinyume. Nilikuwa naomba, Mungu anisikie, nilikuwa naomba liwepo hata moja tu la kweli.

Yangekuwa saba, ningesema umesahau. Yangekuwa kumi na matano, ningesema ulikosea. Thelathini, Kaka, ni kazi. Mtu amekaa akaifanya.

Na sasa najua Sista Mkuu alisikia nini mdomoni mwangu.

Binti yangu akaniuliza, "Mama, nani alikufundisha haya?" Mwalimu akanitazama, maana yeye anajua. Nikasema ni zamani mno, sikumbuki. Tuliporudi nyumbani akaniambia, akicheka, kwamba mjomba alipiga simu Jumamosi, mzee wa watu, anauliza baridi tu.

Cheti sikukichukua. Mwalimu kasema naweza kurudia hotuba mwezi wa tisa. Sijui kama nitarudi mle ndani.

11 Juni

Kaka,

Barua yako ya tarehe 12 Mei imefika. Muhuri wa posta unasema tarehe 19. Wiki nzima uliiweka wapi?

Nimeisoma mara tatu. Habari ya baba sikuijua. Nimekaa nayo siku nne, na bado sijui niiweke wapi. Kwamba alinisikia. Miaka yote nilidhani hata hakuwa anasikiliza.

Usiniombe radhi tena. Tangu tukiwa wadogo umeniomba radhi kwa kila kitu: kunikanyaga, kunimalizia maji, kuchelewa kuandika. Nilidhani ni adabu za misheni.

Nataka kitu kimoja. Nimemlea binti yangu nikimwambia kwamba mama yake hakuwa na kichwa, alijaribu shule akashindwa. La pindo nililiweka moyoni. Yeye nilimwambia la kichwa, maana nilianza kuamini kwamba labda ni yote mawili. Alipotaka kuacha masomo akiwa na miaka kumi na sita nilimbembeleza sana. Akanijibu, "Kwetu hatuna kichwa, Mama, si ulisema mwenyewe?" Leo ana miaka arobaini na mitano, anakunja mashuka ya wagonjwa, na wiki iliyopita wamemwambia kuna mafunzo ya uuguzi kwa wafanyakazi wa hospitali. Kanijibu jibu lilelile.

Mwandikie. Wewe, si mimi. Kwa Kiswahili cha kawaida, maana hicho chako cha misheni kina vyumba vingi vya kujificha. Atanisomea kwa sauti, jikoni, mimi nimekaa. Ukiruka kitu nitajua. Mwisho wa kujiandikisha ni mwisho wa Julai, kwa hiyo usiniletee habari za jicho.

Dada yako

20 Juni

Mpwa wangu,

Hujambo. Barua ya mama yako imefika leo asubuhi, na hii naipeleka posta leo mchana mwenyewe. Fundi bomba anangoja nje anisindikize, nisije nikageuka njiani.

Mama yako amekuambia kwamba alijaribu shule akashindwa kwa kuwa hakuwa na kichwa. Si kweli. Yeye hajui kusema uongo, alirudia alichofikia kukiamini.

Tulipokuwa watoto, baba yetu alikuwa na nafasi ya kusomesha mmoja. Nilikuwa mimi. Halafu mama yako akakariri kwa siku moja yaliyonichukua mimi mwezi, na baba akasema akipita usaili, nitarudi nyumbani yeye aende. Mimi nilikuwa ndiye ninayemfundisha. Nikamfundisha maneno thelathini ya Kiingereza kwa maana za uongo, makusudi, moja baada ya jingine, kwa siku kumi na mbili. Alikuwa ananiletea maji ya kunywa tulipokuwa tunasoma. Kila siku nilikuwa na muda wa kuacha na sikuacha.

Alipoulizwa na Sista Mkuu alijibu kwa maneno yale, kwa ujasiri, akamtukana bila kujua. Wakamrudisha. Akaniuliza kwa nini, nikamdanganya tena. Yeye akakaa na mama, akajifunza kushona. Mimi nikarudi shuleni, nikawa mwalimu, nikaitwa Mwalimu na kila mtu, na yeye pia.

Mwezi uliopita ulimwona akisimama mbele ya watu na ukasikia walivyocheka. Nilijua itatokea. Nilijua tangu Machi. Siku niliyokupigia simu nilitaka kukuambia umzuie, nikaogopa, nikakuuliza baridi.

Umeliona daftari lake. Maneno thelathini, miaka hamsini na minane, hakusahau hata moja. Nimefundisha watoto wengi sana na sijapata kuona kichwa kama hicho. Wewe umetoka kwa huyo. Hayo mafunzo ya uuguzi, jiandikishe.

Sasa acha kusoma, umtazame mama yako. Muulize kama kuna kitu nimekiruka. Kama kipo, niandikie, na nitakiandika nacho.

Mjomba wako